Basil Spence: askari aliyeacha magofu yasimame

Karibu miaka 50 imepita tangu msanifu majengo Basil Spence afariki dunia. Alifariki tarehe 19 Novemba 1976, nyumbani kwake Yaxley, eneo la Suffolk, Uingereza, akiwa na umri wa miaka 69. Wengi mashariki mwa Kongo hawajawahi kulisikia jina lake. Hata hivyo, swali alilolijibu kwa kazi yake ndilo linaloulizwa leo Beni, Bunia, Goma na Bukavu: vita inapobomoa mahali ambapo watu walizoea kukusanyika, wanaojenga upya wafanye nini na kilichobaki? Waondoe vifusi vyote ili watu wasahau upesi? Au waache kila kitu kama kilivyo, ili hasira isipoe?

Spence hakufuata njia yoyote kati ya hizo mbili. Alikuwa arshitekti kabla ya vita, akawa askari kwa muda wote wa vita, kisha akarudi kwenye kalamu na karatasi zake. Kazi iliyompa jina duniani ni kanisa kuu la mji wa Coventry, katikati ya Uingereza. Alichora majengo mengi, na mengine yalimletea aibu. Lakini uamuzi mmoja alioufanya Coventry ndio unaofaa kukumbukwa kuliko nishani na vyeo vyote alivyopewa.

Mtoto wa Bombay, askari wa Normandy

Basil Spence alizaliwa Bombay, India, tarehe 13 Agosti 1907, wakati nchi ile ilikuwa bado chini ya utawala wa Waingereza. Familia yake ilitoka Scotland, na akiwa bado mdogo alipelekwa Edinburgh kusoma. Huko ndiko alikojifunza usanifu. Kati ya mwaka 1929 na 1930 alifanya kazi London katika ofisi ya Edwin Lutyens, arshitekti aliyekuwa akijenga mji mpya wa serikali huko New Delhi. Kabla ya vita, Spence alichora nyumba kubwa za matajiri wa Scotland na mabanda ya maonyesho. Kama vita isingekuja, huenda angeishia hapo: mtu mwenye kipawa, mwenye wateja wazuri, asiyejulikana nje ya nchi yake.

Vita ya pili ya dunia ilipoanza mwaka 1939, aliingia jeshini. Hakupewa kazi ya kupiga bunduki mstari wa mbele. Aliwekwa katika kikosi cha watu waliofundisha jeshi kujificha: namna ya kupaka rangi magari, kufunika mizinga, kutengeneza vitu vya uongo ili ndege za adui zidanganyike. Kikosi hicho kilikuwa na wachoraji na wasanifu wengi, kwa sababu kazi yake ilihitaji watu wenye jicho la kuchora. Mtu aliyesomea kujenga nyumba zionekane alitumia miaka ile kufanya vitu visionekane.

Mwezi Juni 1944 alikuwa miongoni mwa askari walioshuka kwenye pwani ya Normandy, Ufaransa, kuanza kuirudisha Ulaya ya magharibi kutoka mikononi mwa Wajerumani. Huko aliona jambo ambalo halikumtoka tena moyoni. Askari wa Kijerumani walikuwa wamejificha katika minara ya makanisa ya zamani, wakipiga risasi kutoka juu. Vifaru vya Waingereza vikaigeuzia minara hiyo mizinga na kuivunja. Makanisa yaliyosimama kwa mamia ya miaka yaliharibiwa kwa muda mfupi, na walioyaharibu walikuwa upande wake mwenyewe. Spence alisimulia baadaye kwamba katika siku zile, wakiwa wamelala ndani ya shimo, rafiki yake alimwuliza ana ndoto gani akitoka vitani akiwa hai. Alijibu kwamba angependa kujenga kanisa kuu la wakati wake.

Usiku wa Coventry

Wakati Spence akitoa jibu hilo, mji wa Coventry ulikuwa tayari umeishi na magofu kwa zaidi ya miaka mitatu. Usiku wa tarehe 14 Novemba 1940, zaidi ya ndege 500 za Ujerumani ziliushambulia mji huo kwa karibu saa kumi na moja mfululizo. Coventry ulikuwa mji wa viwanda, na viwanda hivyo vilitengeneza magari, injini za ndege na silaha. Lakini mabomu hayakuchagua. Zaidi ya watu 500 walikufa, na maelfu ya nyumba zikabomoka. Kanisa kuu la Mtakatifu Mikaeli, lililojengwa katika karne za kati, liliungua. Kulipokucha, paa lilikuwa limeanguka lote. Zilibaki kuta za nje na mnara wake mrefu wa karibu mita 90.

Kilichofuata hakikutazamiwa na wengi. Mkuu wa kanisa hilo, mchungaji Richard Howard, alitangaza mapema kwamba kanisa litajengwa upya, na kwamba halitajengwa kwa ajili ya kulipa kisasi. Fundi wa mawe wa kanisa alikuta boriti mbili za paa zilizoungua zimeangukiana mfano wa msalaba, akazifunga pamoja na kuzisimamisha. Mchungaji mwingine aliokota misumari ya zamani ya paa, akaiunganisha mitatu kuwa msalaba mdogo. Siku ya Noeli ya mwaka huohuo, redio ya BBC ilipotangaza ibada kutoka kwenye magofu hayo, Howard aliwaambia wasikilizaji wajaribu kufukuza mawazo ya kisasi. Mwaka 1948 yaliandikwa ukutani, nyuma ya altare ya magofu, maneno mawili tu: Baba, samehe. Hayasemi asamehewe nani. Wengi walielewa kwamba neno "uwasamehe" liliachwa makusudi, kwa kuwa hakuna upande uliotoka vitani bila kosa.

Ni rahisi kusoma habari hizi leo na kuziona za kawaida. Hazikuwa za kawaida mwaka 1940. Watu wa Coventry walikuwa ndiyo kwanza wamezika ndugu zao katika makaburi ya pamoja. Si kila mtu mjini aliyefurahia kusikia habari ya msamaha, na hakuna anayeweza kuwalaumu.

Uamuzi wa msanifu

Mwaka 1950 yalitangazwa mashindano ya kuchora kanisa jipya. Michoro 219 ililetwa. Spence alikwenda Coventry kuona mahali penyewe kabla ya kuchora chochote, na ziara hiyo ndiyo iliyoamua mambo. Alipoingia kati ya kuta zilizoungua, zisizo na paa, aliona kwamba pale palikuwa bado ni kanisa. Kwa hiyo aliamua magofu yasiguswe. Kanisa jipya lingesimama pembeni yake, likiunganishwa na lile la zamani kwa ukumbi ulio wazi, na ukuta mmoja mkubwa wa kioo ungewawezesha waumini walio ndani kuyaona magofu kila wanapogeuka.

Jambo hilo linaonekana dogo, lakini kila jambo jingine lilitokana nalo. Kama angebomoa kuta za zamani ili apate nafasi, wajukuu wa Coventry wangekuta jengo zuri na kuambiwa tu kwamba hapo zamani palitokea jambo. Kama angelirudisha kanisa la zamani jiwe kwa jiwe, ingekuwa kama kusema usiku ule haukuwapo. Na kama magofu yangebaki peke yake, mji ungekuwa na kaburi bila kuwa na nyumba. Spence aliweka vyote viwili ubavu kwa ubavu, akatumia mawe mekundu yanayofanana na yale ya zamani ili jicho lielewe kwamba ni familia moja. Mtu anayefika hupita kwenye kidonda kwanza, halafu ndipo anaingia mahali pa kusali.

Mwezi Agosti 1951 alitangazwa mshindi. Sifa hazikuja haraka. Alipokea mamia ya barua, na nyingi zilikuwa za matusi. Wapo walioona mchoro wake ni wa kisasa mno, usiofaa kuitwa kanisa. Wengine walitaka kanisa la zamani lirudi kama lilivyokuwa. Pingamizi kubwa zaidi lilitoka kwa viongozi wa mji wenyewe. Mwaka 1954 halmashauri ya Coventry ilimwomba waziri wa ujenzi asitoe ruhusa, kwa sababu vifaa na mafundi walikuwa haba na watu wengi walikuwa bado hawana nyumba. Hoja hiyo ilikuwa na uzito, na ina uzito hata leo. Waziri aliamua kutoa ruhusa. Malkia Elizabeth wa Pili aliweka jiwe la msingi mwezi Machi 1956, na kanisa likazinduliwa tarehe 25 Mei 1962.

Spence hakujenga peke yake. Aliwaita wasanii wakubwa wa wakati ule. Graham Sutherland alichora pazia kubwa la Kristo, lenye urefu wa zaidi ya mita 20, likafumwa na mafundi wa Felletin, Ufaransa. John Piper alichora dirisha la vioo vya rangi mahali pa ubatizo, na John Hutton akachonga watakatifu na malaika kwenye ule ukuta wa kioo. Jacob Epstein alitengeneza sanamu ya Malaika Mikaeli akimshinda Shetani. Inasimuliwa kwamba mjumbe mmoja wa kamati alipinga jina la Epstein kwa sababu alikuwa Myahudi, na Spence akamjibu kwamba Yesu Kristo naye alikuwa Myahudi. Mjadala ukaishia hapo.

Waliokuwa maadui waja kufanya kazi

Jengo pekee haliwezi kupatanisha watu. Linaweza tu kuwapa mahali pa kukutana. Coventry palitumika hivyo tangu mwanzo. Kanisa lilipokuwa likimaliziwa, vijana kutoka Ujerumani walikuja kwa hiari yao, wakafanya kazi ya mikono katika sehemu ya magofu ili kutengeneza kituo cha kimataifa cha kukutania. Walikuwa watoto wa kizazi kilicholeta mabomu. Baadaye, mwaka 1965, vijana wa Coventry nao walikwenda Dresden, mji wa Ujerumani ulioteketezwa na ndege za Waingereza na Wamarekani mwezi Februari 1945, wakasaidia kujenga upya hospitali. Misalaba ya misumari ilitumwa Kiel, Berlin na Dresden.

Siku chache baada ya uzinduzi, tarehe 30 Mei 1962, muziki wa Benjamin Britten uitwao War Requiem ulichezwa kwa mara ya kwanza ndani ya kanisa hilo jipya. Britten alikuwa mtu aliyekataa kushika silaha wakati wa vita. Alitaka waimbaji watatu wakuu watoke Uingereza, Ujerumani na Urusi. Mjerumani Dietrich Fischer-Dieskau, aliyekuwa askari wa jeshi la Ujerumani na baadaye mfungwa wa vita, alifika na kuimba. Mrusi Galina Vishnevskaya alikatazwa na serikali ya Moscow kusafiri, na nafasi yake ikachukuliwa na Heather Harper. Hata siku ya upatanisho, siasa ya vita baridi ilikuwa imesimama mlangoni.

Glasgow: kosa lisilofichika

Anayemkumbuka Spence kwa haki hawezi kuishia Coventry. Baada ya 1962 alikuwa mtu mkubwa. Alikuwa ameongoza chama cha wasanifu majengo wa Uingereza kati ya 1958 na 1960, akapewa cheo cha Sir mwaka 1960 na nishani ya Order of Merit mwaka 1962. Alichora ubalozi wa Uingereza mjini Roma. Mwaka 1964 alitoa wazo la jengo la serikali ya New Zealand mjini Wellington, ambalo watu huliita mzinga wa nyuki kwa umbo lake.

Katika miaka hiyohiyo alipewa kazi ya kujenga nyumba za watu maskini katika mtaa wa Gorbals, mjini Glasgow. Nyumba za zamani za mtaa huo zilikuwa zimejaa watu kupita kiasi, hazina vyoo vya kutosha, na magonjwa yalikuwa mengi. Mji uliamua kuzibomoa. Spence alichora majumba mawili marefu ya betoni, ya ghorofa 20, yenye nyumba 400. Kila familia ingekuwa na kibaraza kikubwa, na arshitekti alikuwa na ndoto ya kuona bustani na nguo zilizoanikwa zikipepea juu angani.

Waliohamia humo walikuta kitu kingine. Upepo ulivuma kwa nguvu katikati ya majengo. Unyevu uliingia ukutani, ukungu mweusi ukaota, nguo na vitanda vikaharibika. Jamaa waliozoea kuishi mlango kwa mlango walijikuta wametenganishwa na ngazi na lifti. Malalamiko yakawa mengi, na mwaka 1993, chini ya miaka 30 tangu yakamilike, majengo hayo yalilipuliwa kwa baruti. Hata siku hiyo ilileta msiba, kwani mwanamke mmoja aliyekuja kutazama aligongwa na kipande cha kifusi na kufa.

Wapo wanaosema lawama ni ya halmashauri iliyotaka nyumba nyingi kwa bei ndogo na kuacha kuzitunza. Hilo lina ukweli wake. Lakini tofauti kati ya Coventry na Glasgow haipo kwenye pesa tu. Coventry, Spence alifika akatazama na kusikiliza kabla ya kuchora, na alichokiona kikabadili mchoro. Glasgow, mtaa wa zamani ulifagiliwa wote, na wakaaji wake walipewa maisha yaliyochorwa mezani na watu wasioishi hapo. Mkono uliochora ulikuwa mmoja, na kipawa kilikuwa kilekile. Kilichopungua ni masikio.

Kongo na vita ileile

Mkongomani anayesoma habari za askari huyu ana sababu ya kufikiri pia juu ya wazee wake. Vita ya Spence ilikuwa vita yao. Askari wa Force Publique walitoka Kongo mwaka 1941 wakaenda hadi Ethiopia, wakapigana Asosa na Gambela, na mwezi Julai mwaka huo jeshi la Waitalia likasalimu amri kwao huko Saio. Wakongomani wengine walihudumia majeruhi hadi Burma, Asia. Mwezi Juni 2022, Mfalme Philippe wa Ubelgiji alipofika Kinshasa, alimvisha nishani mzee wa miaka 100, mpiganaji wa mwisho wa Kongo aliyebaki wa vita hiyo. Ilikuwa imepita miaka zaidi ya 75.

Spence alipotoka jeshini alipewa nafasi ya kusema, kwa mawe na vioo, vita ile ilimaanisha nini. Askari wa Kongo waliporudi, walirudi katika nchi ya ukoloni. Hawakuulizwa wanataka kujenga nini. Wengi walizeeka na kufa, na habari zao zikabaki kwa watoto wao tu, pale walipopata muda wa kuzisimulia. Ndiyo maana kumkumbuka askari wa Uingereza katika ukurasa wa Kongo hakuna maana ya kumwinua yeye kuliko wao. Kunaonyesha walichonyimwa.

Nini kibaki, nini kijengwe

Vita ya karibu zaidi imeacha magofu yake. Tarehe 24 Agosti 1998, watu wa Kasika, huko Mwenga katika Kivu ya Kusini, waliuawa kwenye parokia yao pamoja na padri na masista. Mauaji hayo yameandikwa katika ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwezi Oktoba 2010 juu ya uhalifu uliotendeka Kongo kati ya 1993 na 2003. Mwezi Julai 2025, waumini waliokuwa wamekesha katika sala waliuawa na waasi wa ADF ndani ya eneo la parokia ya Komanda, Ituri. Kati ya tarehe hizo mbili kuna vijiji, masoko, shule na hospitali ambazo orodha yake ingejaza kurasa nyingi.

Nchi imeanza kutafuta namna ya kukumbuka. Tarehe 2 Agosti imewekwa kuwa siku ya Genocost, ya kuwakumbuka waliokufa katika vita na uporaji wa mali ya Kongo. Ni hatua njema. Lakini siku moja kwa mwaka, yenye hotuba na mashada ya maua, haitoshi kama mahali penyewe palipotokea mauaji panaota majani au panajengwa duka. Maisha ya Basil Spence yanaacha mambo mawili ambayo viongozi, maaskofu, wachungaji, machifu na wafadhili wanaozungumza juu ya kujenga upya wangefaa kuyapima.

La kwanza ni kwamba kumbukumbu na maisha vinahitaji kukaa karibu. Ukuta uliotobolewa na risasi unaweza kuachwa usimame kando ya shule mpya, na majina yakaandikwa juu yake. Mtoto akipita hapo kila asubuhi ataelewa bila kupigiwa kelele. Hoja ya halmashauri ya Coventry, kwamba nyumba za watu zitangulie, haipaswi kudharauliwa mahali ambapo familia zinalala chini ya mahema. Lakini kuacha ukuta mmoja usibomolewe hakugharimu saruji wala ferabeto. Kunahitaji uamuzi tu, na uamuzi huo lazima ufanywe kabla ya tingatinga kufika.

La pili ni la Glasgow. Hakuna mchoro mzuri unaoweza kuchukua nafasi ya neno la wakaaji. Msaada wa kujenga upya ukija na michoro iliyokwisha tengenezwa mbali, watu watapewa nyumba wasizozitaka na sanamu wasizozielewa. Mama aliyepoteza watoto wake mahali fulani ndiye wa kwanza kuulizwa kama magofu yabaki au yaondoke. Huenda atasema yaondoke. Jibu lake lina haki ya kuheshimiwa, kwa sababu msamaha na kumbukumbu havilazimishwi na mtu wa nje, awe na digrii au nyota begani. Hata Coventry, maneno yale mawili hayakuletwa na serikali. Yaliandikwa na watu waliokuwa wameungua.

Kuna na jambo moja ambalo Coventry haiwezi kulifundisha Kongo. Mji ule ulijengwa upya baada ya vita kwisha, na baadhi ya waliotoa amri kubwa za uhalifu wakiwa wamepelekwa mahakamani Nuremberg. Mashariki mwa Kongo risasi bado zinalia, na wengi wa waliotajwa katika ripoti hawajasimama mbele ya hakimu yeyote. Kuwaambia watu wasamehe wakati aliyewatendea bado ana silaha na cheo ni kuwaongezea mzigo. Haki haina budi kushika njia yake, na magofu yaliyohifadhiwa yanaweza kuisaidia, kwa kuwa ni ushahidi usiokufa haraka kama shahidi.

Basil Spence alizikwa Thornham Parva, kijiji kidogo cha Suffolk. Majumba yake ya Glasgow hayapo tena. Huko Coventry, kuta zilizoungua bado zimesimama bila paa, mvua inazinyeshea, na upande wa pili wa kioo watu wanaendelea kusali. Vijana wa Kongo wanaosomea usanifu leo, na askari watakaoweka silaha chini kesho, watakabidhiwa kazi inayofanana na ile. Itafaa waanze kama alivyoanza yeye Coventry: waende kwanza mahali penyewe, wasimame, watazame, na wawasikilize waliobaki.